Kofia ya Gari Iliyofanya Kazi Nikiwemo Mimi Tu

Gari letu lilikuwa linakula mafuta kidogo siku ambazo mimi nimo ndani yake. Siku ambazo simo, linakula kama zamani.

Gari lile lile. Barabara ile ile, Arua mpaka Koboko na kurudi. Mzigo ule ule nyuma. Dereva yule yule, mume wangu wa ndoa.

Kabla hujasema uchawi, tulia kwanza. Hata mimi nilianzia huko huko kwenye uchawi.

Naitwa Rashida. Napamba maharusi. Saluni yangu iko Mvara, hapa Arua, na nina karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ililetwa na wazungu fulani waliokuwa wanaizunguka Afrika, wakachokea Arua, wakaiuza.

Nikaweka kioo kikubwa, taa, kiti cha kuzunguka na pazia za pinki. Harusi ikiwa kijijini ambako hakuna chumba cha maana, bibi harusi anavalia humo ndani na kushuka ngazi watu wakipiga vigelegele. Nilikuwa peke yangu West Nile nzima, pembe hii yetu ya Uganda, mwenye kitu hicho.

Halafu Bushira wa mtaa wa Awindiri akaleta yake.

Bora nimseme Bushira mapema. Ni mrembo, hilo silikatai. Aliachika, anaishi peke yake, na ana dereva wake anaitwa Yasiri. Karavani yake ni ndogo kuliko yangu, lakini ina feni.

Tangu niliposikia habari ya ile feni, roho yangu haikutulia.

Mume wangu ni Shafiki. Watu wanatuita Baba Sadiya na Mama Sadiya, kwa jina la binti yetu. Yeye ndiye anayeivuta karavani kwa pikapu yetu. Ni mtu mpole, maneno yake machache, ugomvi hana.

Ila ana ugonjwa wake mmoja, na ugonjwa huo ni mafuta. Shafiki anaweza kuangalia mshale wa mafuta kuliko anavyoangalia barabara.

Siku moja nikamkuta uani amepanda juu ya pikapu. Anafunga bati kubwa lililokunjwa, limelala kwa mgongo juu ya kabini, limeinuka kuelekea nyuma.

"Baba Sadiya, hii ni nini?"

"Ya upepo," akasema. "Ona. Karavani iko mrefu kushinda gari. Upepo inapita juu ya gari, inakuja inapiga karavani kwa kifua. Sasa gari inavuta karavani, tena inavuta na upepo. Hii bati itatupa upepo juu, ipite."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Umevalisha gari kofia," nikamwambia.

Yeye hakucheka. Aliendelea kukaza nati zake. Lakini jina likabaki hilo hilo, mtaa mzima wakaanza kuita kofia.

Hakuishia hapo. Aliziba nafasi iliyo chini ya karavani kwa mapande ya plastiki. Akakata jerikeni za zamani, yale madumu ya maji, vipande vidogo vidogo, akavibandika kwenye ukingo wa nyuma wa karavani, vimesimama mstari mmoja.

Karavani yangu ya maharusi, yenye pazia za pinki, ikaota meno.

Wakati wa kula ananieleza. Upepo unafika nyuma ya karavani, unajikunja, unalirudisha gari nyuma, yale meno yanauvunja. Mimi mkono mmoja uko kwenye sahani, mwingine uko kwenye simu najibu wateja. Namjibu, "Mmh." Akiendelea sana namwambia, "Baba Sadiya, kula, chakula inapoa."

Baada ya muda akaacha kunieleza. Nikashukuru Mungu.

Na kofia yenyewe, nikwambie ukweli, haikufanya kitu. Shafiki anajaza tangi Arua, anakwenda Koboko na harusi, anarudi, mshale unakuja kulala pale pale ulipokuwa unalala kabla ya kofia. Nilimtania mbele za watu.

Hapo ndipo Bushira akaiona kofia yetu, na yeye akataka yake.

Shafiki akamtengenezea. Bati lile lile, mkono ule ule.

Na ya Bushira ikafanya kazi.

Nilisikia kwa Yasiri, yule dereva wake, amesimama na madereva wenzake anajigamba. "Sisi siku hizi tunaenda harusi, tunarudi, mafuta bado iko. Kofia si mchezo."

Jamani, wivu mnaujua? Mimi siku ile niliujua upya. Kwa nini ya kwake ikubali na yangu igome? Feni anayo yeye, uzuri anao yeye, sasa hata upepo umekwenda upande wake.

Nikarudi nyumbani na uso umevimba. Nikamwambia Shafiki, "Kofia ya Bushira inafanya kazi. Yetu uliiweka vibaya makusudi?"

"Iko sawa na yake," akasema.

"Basi Jumamosi nakwenda na wewe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Hapo niwaeleze kitu. Mimi si kila harusi ya Koboko ninaenda. Mara nyingi nabaki Mvara na wateja wa saluni, namtuma Paska, msichana anayenisaidia, mikono yake mizuri. Paska na Shafiki wanakwenda, Paska anapamba, jioni wanarudi. Mimi naenda tu bibi harusi akiwa wa watu wakubwa.

Jumamosi ile nikaenda. Tukajaza tangi pale pale tunapojaza siku zote. Tukaenda Koboko, karavani ikasimama kwenye harusi siku nzima, tukarudi.

Mshale ukawa juu. Si sana, lakini ulikuwa juu ya pale tulipozoea, na kila mtu mwenye macho angeona.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikampigia makofi mume wangu. Nikawaambia majirani, nikawaambia wateja. Nilihakikisha habari inafika Awindiri.

Jumamosi iliyofuata nikabaki saluni. Waliporudi nikakimbilia kuchungulia. Mshale uko chini, pale pale pa zamani.

Nikapanda tena safari iliyofuata. Mshale juu.

Nikabaki. Mshale chini.

"Baba Sadiya, hii ni nini?"

Akatabasamu, akafuta mikono kwa kitambaa. "Gari inakupenda, Mama Sadiya. Ukiwa ndani inafurahi."

Na mimi, mwanamke mzima mwenye biashara yake, nikaamini. Nilitembea siku kadhaa na shingo ndefu. Jirani mmoja akasema nina baraka. Mwingine akasema kuna mtu ameniwekea kitu kwenye gari, na mimi ninapoingia kile kitu kinaogopa. Huyo nilimpenda zaidi, kwa sababu nilijua nani angeniwekea kitu.

Aliyenizindua ni Paska. Tena bila kujua.

Tulikuwa saluni tunasuka mteja. Akasema, "Anti Rashida, siku ukikuja Koboko mimi nasikia raha. Baba Sadiya anakaa na sisi, ananunua soda, tunapiga stori."

Mikono yangu ikasimama kichwani kwa mteja.

"Na siku nisipokuja?"

Msichana akajua amekanyaga pabaya.

"Paska. Nisipokuja anakaa wapi?"

"Anafungua gari kutoka kwa karavani, anatuacha. Anasema anaenda kunywa chai."

"Chai gani ya kunywa na gari?"

"Mimi hapana jua, anti. Anarudi wakati bibi harusi amemaliza kula."

Bibi harusi wa kwetu anamaliza kula jua linakaribia kuzama.

Nikarudi kusuka. Vidole vinasuka, kichwa kinapiga hesabu. Kumbe kofia ilikuwa inafanya kazi siku zote. Mafuta inayoyaokoa yalikuwa yanachomwa mahali. Kila Jumamosi niliyobaki Mvara, mume wangu alikuwa na safari ya pili.

Na safari ya pili ya mwanamume ina jina la mwanamke. Hilo sikuhitaji kuambiwa.

Nilijiapiza pale pale. Kama ni mwanamke, mimi na Shafiki basi. Karavani ni yangu, saluni ni yangu, na kwa ndugu zangu bado nina chumba. Angebaki na pikapu yake na kofia yake.

Jumamosi nikamwambia kichwa kinaniuma, siendi. Nikamwangalia usoni kama atafurahi. Akasema pole. Akaniletea maji. Yale maji yalinikera kuliko matusi.

Walipoondoka nikawapa muda, nikafunga saluni, nikapanda gari la abiria mpaka Koboko.

Harusi niliikuta kwa kelele za vipaza sauti. Karavani yangu imesimama uani, meno yake nyuma, miguu yake imeteremshwa. Mbele yake hakuna pikapu.

Nikafungua mlango. Paska akaniona, brashi ikamdondoka. Bibi harusi ana jicho moja limepakwa, jingine bado.

"Endelea na kazi," nikasema. Nikafunga mlango.

Pale barabarani kulikuwa na kijana wa bodaboda, Acidri, alishawahi kunibeba. Nikamuuliza, "Umeona pikapu yangu? Ina bati juu."

"Ile ya kofia?" akasema, bila hata kufikiri. "Mama, ile mutu gani hapana jua? Iko Lurujo, hapo mbele kwa barabara."

"Lurujo inafanya nini?"

"Inaenda na kurudi."

"Inaenda wapi na kurudi wapi?"

"Hapo hapo. Inaenda, inageuka, inarudi. Jumamosi mingi iko hapo. Na ile mama mzuri mwenye karavani nyingine."

Ile mama mzuri. Kijana alisema bila ubaya wowote, na mimi nilihisi mtu amenimwagia maji ya moto.

"Nipeleke," nikasema.

Njiani nilipanga maneno yote. Maneno ya Bushira yalikuwa mengi, ya Shafiki yalikuwa machache lakini mabaya. Acidri anakwepa mashimo, mimi nasogeza midomo peke yangu.

Tulipofika kwenye kipande kimoja cha barabara kilichonyooka, katikati ya mashamba, Acidri akapunguza. "Iko pale," akasema.

Nikashuka nikaingia kwenye muhogo. Ndiyo, nilijificha kwenye muhogo, na viatu vya harusi. Acidri naye akazima pikipiki akaja kuinama kando yangu. Nikamwambia arudi kwa pikipiki yake. Akasema ataona kidogo tu.

Pikapu yetu ikaja. Nyuma yake imefungwa karavani ya Bushira.

Juu ya karavani, kila mahali, kumebandikwa nyuzi nyekundu zinapepea. Zilipokaribia nikazijua. Si nyuzi. Ni utepe wangu wa satini, ule wa kufungia maua ya maharusi, umechanwa vipande vyembamba.

Kwenye usukani yupo Bushira.

Na mume wangu yuko chini, pembeni ya barabara, ameinama mikono magotini, anautazama ule utepe unavyolala na unavyosimama. Gari lilipompita akaruka. Akapiga makofi. Akacheka.

Nataka mnielewe hapa. Ningewakuta ndani ya karavani, pazia zimefungwa, ningejua la kufanya. Maneno nilikuwa nayo, ndugu ninao, hata mwiko wa ugali ningeazima kwa jirani. Lakini kicheko kile sikuwa nimejiandaa nacho. Mtu yule anayekula kwangu kimya, ananijibu neno moja moja, alikuwa anacheka kwa mwili mzima.

Sikumbuki mara ya mwisho nilimwona hivyo. Hapo ndipo wivu ulinikata kweli kweli.

Nikatoka kwenye muhogo.

Shafiki akaniona, kicheko kikamfia usoni. Bushira akasimamisha gari kule mbele, hakushuka.

"Baba Sadiya. Unafanya nini hapa?"

"Napima," akasema.

"Unapima nini?"

"Upepo."

Nyuma yangu nikamsikia Acidri akikohoa.

"Na huyu?"

"Huyu anaendesha. Mbele nilikuwa napima peke yangu, lakini mimi hapana weza kuendesha na kuangalia pamoja." Akanionesha ule utepe. "Ona. Utepe ikilala, upepo inapita vizuri. Ikirukaruka, upepo inagombana hapo. Tunaenda na kofia, tunarudi na kofia, sababu upepo ya kwenda na ya kurudi hapana sawa. Halafu tunatoa kofia, tunaenda tena, tunarudi tena. Pengine si kofia inasaidia, pengine ni mwendo wa pole. Bado sijajua. Ndiyo maana napima."

Aliongea hayo yote kwa pumzi moja. Mume wangu. Barabarani Lurujo.

"Kwa mafuta yangu," nikasema.

"Ndiyo."

"Na kwa huyu mwanamke."

Akaangalia chini. Halafu akasema, taratibu, "Mama Sadiya, wewe nilikuambia. Ulicheka. Huyu aliuliza."

Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yakapotea. Nikabaki na moja tu.

"Nifungulie gari langu."

Akaifungua karavani ya Bushira palepale, tukaiacha imekaa kando ya barabara na utepe wake unapepea. Bushira akampigia Yasiri simu aje kuichukua. Mimi nikapanda mbele, tukarudi Koboko.

Nyumbani niliweka sheria. Lurujo mwisho. Bushira mwisho. Ukimaliza kuegesha karavani, unakaa kwenye kiti mpaka harusi iishe, niwepo nisiwepo. Akasema sawa. Shafiki hana ugomvi, nilishawaambia.

Na alitii. Kila Jumamosi mshale ukawa unarudi juu. Niende, nisiende, mafuta yamebaki. Watu wakanipongeza. Kuna madereva wa malori madogo wakaja nyumbani kuuliza habari ya kofia, nikawaelekeza kwa Shafiki. Akawajibu kwa ufupi, akaingia ndani.

Nilishinda. Lakini nyumba ilikuwa kimya.

Si kwamba alinuna. Alikuwa anakula, anasali, anamsaidia Sadiya masomo, analala. Ila hakuna kitu. Nikimwuliza habari za safari anasema nzuri. Na mimi naangalia uso wake natafuta kile kicheko cha Lurujo, sikipati. Kilikuwa cha Bushira. Alikibeba akaondoka nacho.

Nimeona wanawake wanagombania nyumba, wanagombania shamba. Mimi nilikuwa nagombania kicheko, tena nashindwa. Nikawa naamka nacho na kulala nacho.

Mwisho nikafanya kitu ambacho mtu mwenye wivu hapaswi kufanya. Nikavaa vizuri, nikapaka wanja, nikaenda Awindiri kwa Bushira.

Nilimkuta uani anafua pazia za karavani. Akaniona, akainuka na ndoo mkononi. Nadhani alifikiri atahitaji hiyo ndoo.

"Mama Sadiya, karibu."

"Sikuja kugombana," nikasema. "Nataka kitu kimoja. Hayo mambo ya upepo ambayo mume wangu alikuwa anakueleza, nifundishe."

Bushira akaniangalia. Akaweka ndoo chini. Halafu akaanza kucheka, si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Dada yangu," akasema, "mimi sijaelewa hata moja."

"Unasema nini?"

"Hata moja. Mimi nilikuwa na harusi mingi Lurujo, na gari yangu inakula sana ile njia. Nikaona mutu iko na gari, iko na mafuta, anataka tu mutu wa kumsikiliza. Yasiri anaacha karavani yangu Koboko, anakaa kwa kivuli. Bwana yako anavuta mpaka Lurujo, anapima, bibi harusi wangu anavaa, ananirudisha. Mimi nasema 'eeh'. Nasema 'halafu?' Anaendelea mwenyewe."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Nikakaa juu ya jiwe la kufulia.

"Kwa hiyo kofia yako..."

"Kofia yangu inasaidia nini? Gari yangu ilikuwa imelala."

Kumbe ndiyo maana mafuta yake hayakuisha. Alikuwa anatumia yangu. Nusu ya wivu wangu wote ule nilikuwa nimelionea tangi langu mwenyewe.

Lakini nusu nyingine ilikuwa bado hai. Nikauliza lile swali.

"Alikutaka?"

Bushira akakaza mdomo. Nikaona kitu usoni pake ambacho sikutegemea, kitu ninachokijua vizuri kwa sababu nilikuwa nakiona kwenye kioo changu kila asubuhi.

"Mama Sadiya, niseme ukweli. Mimi nilivaa. Nilipaka manukato. Siku moja nilisuka nywele mpya, nikakaa mbele yake hivi. Akaniambia nisogee, nazuia asione utepe." Akakamua pazia kwa nguvu. "Mimi ndiyo nilikuwa na wivu. Wivu ya bati."

Tulikaa pale uani, wanawake wawili tulioshindwa na bati. Sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe, hasa yale manukato. Lakini nilikunywa chai yake.

Nikarudi nyumbani alasiri. Shafiki amekaa barazani, anakata jerikeni kwa kisu. Meno mawili ya karavani yalikuwa yamedondoka njiani, anatengeneza mengine.

Nikavuta kiti. Nikaizima simu, nikaiweka chini.

"Haya yanakwenda wapi?"

Akaninyooshea ukingo wa nyuma wa karavani bila kuinua macho. "Kule. Mbili ilianguka."

"Yakikosekana mawili kunakuwa na nini?"

Kisu kikapunguza mwendo. "Upepo inaingia hapo, inajikunja."

Nikasema, "Halafu?"

Shafiki akainua kichwa. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyesikia sauti ya mtu mwingine ndani ya nyumba yake.

"Umetoka kwa Bushira," akasema.

Niliona aibu mpaka kwenye nyayo. "Ndiyo. Na nikwambie, Baba Sadiya, yule mwanamke alikuwa haelewi chochote ulichokuwa unamwambia. Alikuwa anatafuta mafuta."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mutu anayeelewa anabisha. Yeye hakubisha hata mara moja." Akapuliza vumbi la plastiki kutoka kwenye kisu. "Lakini alikuwa anauliza."

Nikasema kilichokuwepo. "Hata mimi sitaelewa."

"Najua," akasema tena. Akasogeza jerikeni, akanipisha nafasi. "Kaa huku basi, huko jua inakupiga. Upepo inaanzia mbele, si nyuma. Mutu mingi inafikiri nyuma."

Alieleza mpaka muadhini alipoanza. Katikati nilimbishia kitu kimoja, sikijui vizuri, nilibisha tu. Akaniangalia, akaweka kisu chini, na akacheka. Si kama kile cha Lurujo. Kidogo kuliko kile. Nilikichukua hivyo hivyo.

Wewe unayesoma hapa, kama mtu wako ana ugonjwa wake, uwe wa mpira, wa njiwa, wa redio mbovu anazofungua na kufunga, usingoje mpaka ujue faida yake. Muulize. Si lazima uelewe, mimi mpaka leo sijui kama ni kofia, ni meno au ni mwendo wa pole. Ukikaa kimya, atampata wa kumuuliza, na huyo anaweza kuwa mzuri kuliko wewe.

Na najua kuna dada atasema, je, yeye aliwahi kukuuliza habari za poda na wanja zako? Swali zuri. Nilimuuliza swali hilo hilo Jumamosi iliyopita, tukiwa njiani kwenda Koboko. Akapunguza mwendo, halafu akaniuliza bibi harusi wa leo nitampaka rangi gani, na kwa nini hiyo.